Meza na Paa la Tangi la Samaki

Mzee wa kando ya ziwa Tanganyika ukimwambia kwamba kuna jamaa mjini wanaofuga samaki sebuleni, tena hawawali, atacheka kwanza, kisha atauliza kama jamaa hao ni wazima. Kwake yeye samaki ni ndagala wa kuanikwa au mikeke wa kuchomwa. Lakini katika miamba ya pwani ya ziwa hilohilo, toka Uvira mpaka Moba, wamo samaki wadogo wenye rangi za manjano, nyekundu na buluu ambao wavuvi wetu hawawajali sana, nao wapenzi wa samaki wa Ujerumani, Ubelgiji na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi na kuwaweka mahali pa heshima nyumbani mwao. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470. Ndani yake zimo jamii zaidi ya 200 za samaki walio wa ukoo mmoja na tilapia, na karibu zote hazionekani katika maji mengine yoyote ya dunia. Wataalamu waliokuja na msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947, akiwamo Max Poll, walizieleza nyingi katika vitabu vyao, na hata leo Uvira pana kituo cha kuchunguza maji na viumbe vya ziwa.

Basi si ajabu kwamba watu wa kwetu nao, walimu, waganga, wafanya biashara, wameanza kuwatamani samaki hao. Tangi la kioo huagizwa, au hugandishwa na fundi wa vioo hapahapa mjini. Jambo linalosahauliwa ni la chini yake na la juu yake, yaani meza ya kulibeba na paa la mbao la kulifunika. Baba wa nyumba hukadiria bei ya kioo, ya mashine ya hewa, ya taa, ya samaki wenyewe, halafu siku tangi linapofika mlangoni aita seremala na kumwambia, "Fundi, nitengenezee kimeza cha kuwekea hiki." Kimeza! Hapo ndipo hatari inapoanzia, na ndiyo maana twaandika maneno haya.

Tuanze na hesabu, kwani kazi hii pasipo hesabu ni kamari. Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimeta 150, upana wa sentimeta 60, na kimo cha sentimeta 60. Si kubwa kupita kiasi. Samaki wa miambani wenye tabia ya kugombania mahali hawapendi kubanwa katika tangi dogo. Zidisha vipimo hivyo, utapata lita 540, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Kioo cha unene wa milimeta 12, chini na pande zote nne, kina uzito wa kilo 100 hivi. Ongeza mchanga na mawe, maana samaki hao wataka mapango ya kujificha, tuseme kilo 80. Jumla yake ni kilo 720. Kweli maji hayajazwi mpaka ukingoni, na mawe huchukua nafasi ya maji, lakini katika kujenga ni heri kuhesabu kwa wingi kuliko kwa uchache. Kilo 720 ni watu wazima kumi na zaidi, wamepanda juu ya meza moja, wala hawashuki mchana na usiku, miaka kumi.

Tena maji hayalali tu, bali husukuma. Kioo cha mbele cha tangi hilo, maji yakifika kimo cha sentimeta 55, chasukumwa kwa nguvu ipatayo uzito wa zaidi ya kilo 200. Kioo chaweza kustahimili, mradi kimekaa juu ya kitu kilichonyoka kisichopindapinda. Kisichostahimili ni kunyongwa, yaani pembe moja ishuke na nyingine ibaki juu. Hapo hupasuka, mara nyingi bila kutoa onyo. Tuliwahi kuingia katika nyumba moja baada ya ajali ya namna hiyo. Meza ilikuwa imeegemea upande mmoja kama mtu mwenye kulewa, zulia lilikuwa bahari, na mama wa nyumba alikuwa akiokota vipande vya kioo kwa hofu, maana watoto wake walikuwa na desturi ya kuketi mbele ya tangi kila jioni. Kwa bahati lilipasuka saa tano za asubuhi, watoto wakiwa shuleni.

Mababu wa Kizungu waliopenda samaki hawakuwa na shida hii kwa namna ileile. Matangi ya zamani, tangu nyumba ya samaki ilipofunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, yalijengwa kwa fremu ya chuma, na chuma ndicho kilichoshika kioo. Tangi la vioo vitupu, lililoshikwa kwa gundi ya silikoni peke yake, lilienea baada ya miaka ya 1960. Ni zuri zaidi, halina kutu, na macho hayapati kizuizi. Lakini kwa kuwa halina mifupa yake lenyewe, meza ndiyo sasa imekuwa mifupa. Wengi hununua tangi la siku hizi na kulipa meza ya siku zile.

Sasa tuje kwa seremala. Twamjua fundi mmoja mzee ambaye, akiulizwa habari za meza hizi, hasemi neno bali huchukua vipande viwili vya ubao. Kipande cha kwanza hukisimamisha chini wima. Cha pili hukipigilia misumari miwili ubavuni mwa nguzo, kikajitokeza kama tawi. Kisha husema, "Mwalimu, panda juu ya hiki." Unapanda juu ya kipande kilichosimama, hakijali hata kidogo. "Sasa panda juu ya hiki cha misumari." Unaweka mguu, msumari unalia, ubao unashuka. "Ni mti uleule, Mwalimu, na uzito wako ni uleule," asema mzee, kisha arudi kuvuta randa yake.

Ndiyo kanuni yote ya meza ya tangi. Uzito sherti ushuke kutoka ubao hadi ubao, kisha hadi sakafuni, wala usitundikwe kwenye misumari au parafujo. Nguzo zikae chini ya boriti za juu, kichwa kikigusa boriti barabara, na miguu yake ikanyage boriti za chini. Parafujo na gundi kazi yake ni moja tu, kuzuia vitu visihame mahali pake. Twapenda kupima kazi ya fundi kwa swali hili: kama mtu angekuja usiku akazing'oa parafujo zote polepole, je, tangi lingebaki limesimama? Kama jibu ni ndiyo, mlipe. Kama jibu ni hapana, mwombe airudie kabla kioo hakijaletwa.

Mtu aweza kuogopa kwamba nguzo ya mbao itapondeka. La. Mbao kavu ikibeba mzigo kwa kufuata urefu wa nyuzi zake ina nguvu ya ajabu. Nguzo ya sentimeta 4.5 kwa 9 ina eneo la sentimeta za mraba 40 hivi. Ukiweka nguzo sita, nne za pembeni na mbili za katikati, kila moja itapata kilo 120, yaani kilo 3 kwa kila sentimeta ya mraba, na hata mbao laini za msonobari, zikiwa kavu, huvumilia mamia ya kilo kabla ya kupondeka. Kwa hiyo usimkubali fundi akuuzie magogo mazito kama nguzo za daraja. Fedha zitaishia katika mahali pasipo na hatari.

Hatari ziko mbili, na zote mbili si za kupondeka. Ya kwanza ni kupinda kwa boriti ya juu. Boriti hulazwa kwa ubavu wake mwembamba, upana ukiwa umesimama. Ubao wa 4.5 kwa 9 ukisimamishwa namna hiyo ni mgumu mara 4 kuliko ukilazwa bapa. Na usiache nafasi ndefu pasipo nguzo. Uzito ukiwa umeenea sawasawa, boriti ya aina moja ikivuka sentimeta 75 hupinda mara 16 pungufu kuliko ikivuka 150. Ndiyo sababu ya zile nguzo mbili za katikati, moja mbele na moja nyuma, ingawa mama wa nyumba atalalamika kwamba ile ya mbele yazuia mlango wa kabati. Alalamike, milango miwili midogo nayo hupendeza.

Hatari ya pili husahauliwa hata na mafundi hodari, nayo ni kuyumba kwa ubavuni. Chora mraba kwa vijiti vinne, uufunge pembeni kwa misumari, kisha usukume juu: walala mara moja. Meza ni mraba kama huo. Mtoto akiegemea, au mtu akisukuma kiti kwa nguvu, meza isiyo na kizuizi huanza kulala, na uzito ukishatoka juu ya nguzo hakuna wa kuurudisha. Dawa yake ni rahisi. Nyuma yote ifunikwe kwa bamba la tripleksi, zile mbao za tabaka tabaka, lenye unene wa milimeta 9 au zaidi, lililopakwa gundi na kukazwa kwa parafujo kila sentimeta 15. Ubavu wa kushoto na wa kulia vilevile. Mbele paachwe wazi kwa ajili ya milango. Mahali pa kupitisha nyaya na mipira hukatwa tundu la mviringo, si la pembe kali, nalo liwe mbali na kingo.

Tena juu ya boriti paweke bamba zima la tripleksi la milimeta 18, lipate kubeba chini yote ya tangi. Kati ya bamba na kioo paingie tabaka la lile povu jeupe gumu ambalo redio na televisheni hufungiwa nalo katika masanduku yao, unene wa sentimeta moja. Povu hilo humeza vijiwe, chembe za mchanga na vichwa vya parafujo vilivyosahauliwa. Halinyoshi meza iliyopinda, na anayelitumia kwa kusudi hilo ajidanganya.

Kuhusu aina ya mbao, kila mkoa una zake. Mvule, ambao wenzetu wa magharibi ya Kongo huuita kambala, ni mti mwema: mchwa hawaupendi, unyevu hauusumbui sana. Lakini una vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyovunja makali ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi afunike pua. Mninga una rangi ya kupendeza mno, ila miti ya ukoo huo imekatwa ovyo ikauzwa nje ya nchi, na bei yake yaonyesha hivyo. Twaona ni israfu kuuficha nyuma ya milango. Katika vilima vya Kivu mikalitusi imejaa. Ina nguvu ya kutosha kwa nguzo, lakini ikikauka hujinyonga na kupasuka, basi ichaguliwe iliyokwisha kumaliza utundu wake. Ushauri wetu ni huu: mbao za kawaida kwa mifupa ya ndani, mbao za fahari kwa milango na kwa paa peke yake.

Zaidi ya aina, neno kubwa ni ukavu. Sokoni utaapiwa kwamba mbao ni kavu, nawe ukiigusa kwa shavu wasikia baridi ya maji. Njia ya kujua ni mizani. Kata kipande, ukipime leo, ukiweke ndani ya nyumba mahali penye upepo, ukipime tena kila juma. Siku uzito wake utakapoacha kupungua, mbao zilizokaa mahali pamoja nacho nazo ziko tayari. Seremala mwenye haraka hapendi habari hii. Lakini meza iliyojengwa kwa mbao mbichi itanyauka chini ya tangi lililojaa, na kila kiungo kitakuwa na siri yake.

Meza ikiisha, ipelekwe mahali pake kabla ya kuweka tangi, ipimwe kwa pima maji: kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari toka pembe hadi pembe. Sakafu zetu za saruji mara nyingi zina miinuko. Pembe iliyo chini iinuliwe kwa vipande vyembamba vya mbao ngumu vilivyowekwa chini ya boriti za chini, kamwe si kati ya meza na tangi. Kisha weka tangi, utie maji ya sentimeta tano tu, na upime kwa rula toka uso wa maji hadi ukingo katika pembe zote nne. Maji hayajui kusema uongo. Pembe mbili zikitofautiana kwa milimeta tano au sita, yatoe maji uanze upya. Wenye nyumba za ghorofa zenye sakafu ya mbao wajue kwamba tangi lapaswa kukaa karibu na ukuta mkubwa na kukatiza mihimili ya sakafu, lisikae juu ya muhimili mmoja.

Kwa jamaa wa Kivu na wa pwani ya Tanganyika twaongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Sisi twakaa juu ya nchi inayotikisika. Tetemeko la Desemba 2005 lilisikika pande zote za ziwa Tanganyika, na lile la Februari 2008 lilibomoa nyumba Bukavu. Meza yetu ina kimo cha sentimeta 75, na tangi juu yake 60. Ni mnara mdogo wenye kichwa kizito. Ifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe vilivyokazwa katika boriti ya juu ya nyuma, navyo viingie katika ukuta wa matofali au saruji, si katika plasta peke yake. Fundi atadai ni kazi ya bure. Mlipe tu.

Sasa paa. Yule aliyefanya meza kwa ushujaa hufanya paa kwa mawazo yaleyale, akaleta kitu kizito kama jeneza ambacho mama hawezi kukiinua ili awalishe samaki. Hapa mambo yamegeuka. Chini, adui ni uzito. Juu, adui ni mvuke. Paa halibebi chochote ila taa, lakini kila saa laogeshwa kwa maji yanayopanda.

Paa ni kisanduku kisicho na sakafu. Mbao zake zatosha kuwa na unene wa sentimeta mbili, na kimo cha sentimeta 25 mpaka 30, ili taa ziwe mbali kidogo na maji na mkono upate nafasi. Ndani, kuzunguka pande tatu, papigwe vipande vyembamba vya mbao ambavyo vitakaa juu ya ukingo wa kioo; sehemu ya chini ya paa ishuke sentimeta nne nje ya kioo, ifiche mstari wa maji. Acha nafasi ya milimeta tatu kila upande, maana mbao itavimba, na paa linalobana kioo ni kabari. Upande wa nyuma uachwe wazi: hapo hupita nyaya, na hapo mvuke hutoka. Paa lililofungwa pande zote huwa chungu cha kuchemshia; maji hudondoka toka darini, taa hufa, na mbao huota ukungu.

Mfuniko wa juu ufungwe kwa bawaba, nao usiwe wa ubao mmoja mpana. Ubao hauongezeki kwa urefu, ila kwa upana hupumua kila msimu, na ubao wa sentimeta 30 hupanuka milimeta kadhaa wakati wa mvua. Ukiubana pande zote utajikunja kama jani kavu. Maseremala wa makanisa na wa milango mikubwa walitatua neno hili zamani: fremu nyembamba yenye mfuo ndani, na kidirisha cha ubao kinachokaa mfuoni bila gundi, kiwe huru kupanuka na kunywea. Asiyeweza kazi hiyo atumie tripleksi.

Chini ya paa, juu ya maji yenyewe, palazwe vioo viwili vyembamba vya kufunika. Vyazuia mvuke mwingi, na vyazuia samaki wasiruke. Samaki wa miambani wakifukuzana huruka, na asubuhi watoto humkuta mmoja sakafuni amekauka kama wa sokoni.

Rangi au vanishi ipakwe ndani na nje, mara tatu, tena zaidi katika vichwa vya mbao pale zilipokatwa, kwani hapo ndipo hunywa maji kama pampu. Ndani ya paa twapenda rangi nyeupe isiyopenya maji, maana hurudisha nuru chini. Kisha paa likae nje ya nyumba juma zima au mawili, mpaka usisikie harufu tena. Parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za shaba hung'aa vizuri, lakini zikiliwa na unyevu na kudondokea tangini ni sumu kwa samaki na kwa konokono. Wako mafundi wanaopaka mbao mafuta machafu ya gari au dawa ya mchwa. Kwa boma la nje haidhuru. Kwa meza ya tangi ni marufuku, kwani mashine ya hewa huvuta hewa iliyo ndani ya kabati na kuipeleka moja kwa moja majini. Vilevile dawa ya mbu ya kupuliza: katika nyumba yenye tangi isipulizwe hata chumba cha pili, kwani zile za kawaida zisizomdhuru mtu huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Umeme twautaja kwa ufupi, lakini msomaji asiupite kwa haraka. Soketi isiwekwe sakafuni ndani ya kabati, mahali maji yatakapoanguka kwanza. Ikazwe juu ubavuni, na kila waya, kabla ya kuifikia soketi, ushuke kwanza chini yake na kupanda tena, ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye kona ile ya chini lisiingie katika umeme. Na kwa kuwa miji yetu yajua giza la ghafula, mashine ya hewa iwekwe juu kuliko uso wa maji. Umeme ukikatika na mashine ikiwa chini, maji hurudi kwa mpira mwembamba, hujaza mashine, kisha hujaza kabati. Katika Bukavu, mji ulio karibu meta 1,500 juu ya bahari, samaki wa Tanganyika watahitaji pia kipasha maji, maana wao wamezoea joto la digrii 25 hivi. Katika Uvira na Kalemie mara nyingi hawahitaji.

Basi kila kitu kikiwa mahali pake, jaza thuluthi moja ya maji, ukalale. Kesho yake pima tena kwa rula pembe nne, fungua milango ya meza uone kama inafungika kama jana. Jaza thuluthi ya pili, ulale tena. Siku ya tatu jaza yote. Samaki wasiingie bado. Maji yataka majuma manne mpaka sita yapate kuwa na vijidudu vyema vinavyokula uchafu. Watoto watauliza kila siku mbona tangi ni tupu, nao wakubaliwe kutia mawe, moja moja, wakiyalaza chini ya mchanga barabara yasije yakaporomoka juu ya kioo. Muda huo ndio wa kutazama meza ikiwa na mzigo wake kamili, kabla ya kulipa kilichobaki kwa seremala. Na kama baada ya mwezi mlango mmoja umeanza kukwaruza, usimwite aurande. Ngoja kiangazi, mbao zinywee, uone kwanza kama bado unakwaruza.